Omu Moja

Aliileta imefungwa kwa taulo,
kama mtoto aliyetolewa bafuni.
Nje, Kemijärvi, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri,
saa nane mchana na giza limeshakaa kitako.
"Imekufa," akasema Ilmari. "Ilikohoa mara moja, basi."
Sikumwuliza neno. Nilinusa.
Amplifaya iliyoungua haina siri:
harufu ya samaki aliyesahauliwa jikoni
na nyuma yake utamu kidogo, kama vanishi.

Skrubu nane. Ya saba imeliwa na chumvi ya barabarani,
nikaitukana kama alivyotukana baba yangu, fundi wa reli,
polepole, kwa majina ya vituo.

Mahali pa fyuzi, karatasi ya chokoleti.
Imekunjwa vizuri, mara nne, kwa mikono yenye nia.
Nikaiinua kwa koleo, nikaiweka mezani kati yetu.
Mficha maradhi, eh?
Masikio yake yakawa mekundu, na si kwa baridi.

Transista nne ubavuni: mbili zimepasuka matumbo,
mbili zimesimama wima, zinajifanya wazima.
Nikazing'oa zote.
Iliyolala karibu na moto usiku kucha
usiiamini asubuhi.
Nikafuta gundi nyeupe, nikapaka mpya,
nikayeyusha risasi; moshi ukapanda mwembamba
ukaingia katika miwani yangu ukakaa humo.

"Nyuma umefunga spika ngapi?"
"Nne."
"Njia moja?"
Akatazama dari.
Nikachukua bahasha ya bili ya umeme nikamgawia hesabu:
omu nne, mara nne, bega kwa bega,
inabaki moja.
Na ubavuni, tazama, wameandika wenyewe:
usishuke chini ya mbili.
Ulikuwa unamwambia mnyama huyu
avute magogo manne huku ukimwita mvivu.

Alitaka zile za umbo la yai, sita kwa tisa,
koni ya njano, jina kubwa limepigwa chapa katikati.
Kioo cha nyuma kitetemeke,
wenzake kwenye kituo cha mafuta wageuze shingo.
"Huko nyuma huketi nani?"
"Hakuna mtu."
Akanyamaza, akachezea kifuniko cha skrubu.
"Bibi. Jumanne na Ijumaa.
Nampeleka Rovaniemi kusafishwa damu.
Nyuma ndiko anakoweza kunyoosha goti."
"Na husikiliza nini?"
"Hali ya hewa. Tango, zikipigwa.
Anasema anasikia ngoma tu. Maneno hayamfikii."

Kilomita themanini na kitu kwenda,
themanini na kitu kurudi, akiwa mweupe kama karatasi,
na maneno hayamfikii.

Hatukuzungumza sana baada ya hapo.
Nikatoa rafuni mbili za mviringo, sentimita kumi na sita,
koni ya karatasi, hazina sura wala majivuno,
ila katikati, pale inapokaa sauti ya mtu,
zinasema kila silabi na pumzi yake.
Mbili tu. Kila moja na njia yake.
Besi ibaki kwenye sanduku la buti, na iwe na adabu.

Volvo ikaingia gereji, theluji ikidondoka matairini.
Fyuzi halisi. Betri. Taa ya kijani.
Mtangazaji akasoma upepo wa kaskazini, mita saba kwa sekunde,
na upande wa kushoto kitu kikazizima kama nyuki.
"Mbovu!" Ilmari akaruka.
Spika haikuwa mbovu.
Nikaingiza vidole nyuma ya ubao wa mlango,
nikatoa kibanio cha nywele, cheusi, kimepinda.
Akakipokea bila kukitazama,
akakitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga zipu.

Ijumaa walipita dirishani kwangu, saa moja kasoro.
Taa mbili, kisha kichwa kidogo chenye skafu,
midomo ikicheza, kama anayeimba au anayegomba.
Kioo changu hakikutetemeka.

Bado namdai bei ya transista mbili.
Zile zilizojifanya wazima.