Siku Kumi za Watasema

Mbwa wa Bugumba aliitwa Watasema.
Bugumba akahamia Ukara, akaacha mnyororo,
akaacha na jina. Nasi tukasema.

Alimng'ata Nyanzobe wangu Jumanne,
Mabatini juu, pale ngazi za mawe zinapopinda.
Ndoo ya maji ilibiringika peke yake hadi barabarani.
Mguu tuliuosha kwa sabuni, robo saa nzima,
kisha sindano, hospitali ya mkoa.
Jioni nikanunua sumu ya elfu mbili
ndani ya karatasi ya daftari,
nikaifunga kwenye utumbo wa sangara.

Asubuhi mtendaji akapiga filimbi.
Afisa mifugo alipanda kwa miguu, pikipiki haifiki huku,
begani fito yenye kitanzi, mkononi deli la chanjo.
Mbwa ni wa nani?
Kila mtu akatazama ziwa.
Nani humlisha?
Mama Milembe: vichwa vya sato, siku mojamoja.
Nani amewahi kumpiga jiwe?
Watoto wakacheka, kisha mikono ikatoka,
mmoja, mwingine, kama vifaranga chini ya tenga.
Wa Nyanzobe ulikuwa wa tatu.

Mimi sikuulizwa kitu.
Mfuko wangu ulinuka, ukajibu.
"Mama, ukimuua leo," akasema taratibu,
"utakaa na hofu usiyoijua mwisho.
Tumtazame siku kumi."
Akaichukua sumu. Akauliza duka.
Nikasema sikumbuki.

Banda likasimama nyuma ya ofisi ya mtaa:
mabati ya huyu, misumari ya yule,
wavu mzee uliokwisha kustaafu Mwaloni.
Zamu zikaandikwa ukutani kwa chaki.
Yangu ikaangukia siku ya mwisho.
Wanasema kichaa cha mbwa huogopa maji.
Siku tisa nilimvizia mwanangu
kila alipoinua kikombe.

Ya kumi, alfajiri,
nikasukuma sufuria kwa mpini wa ufagio.
Akanikazia macho. Akanguruma.
Halafu akanywa,
akanywa kwa fujo, akamwaga nusu,
nami nikasimama na ufagio nikilia kama mjinga.

Sasa ana kadi ya chanjo, ana kamba,
ana uzio kwa Mama Milembe aliyejiandikisha mwenyewe.
Mimi bado napita upande wa pili wa ngazi.
Ila jana kijana mmoja aliinama kuokota jiwe,
nikasikia sauti yangu: "Wewe! Weka chini!"

Watasema hakugeuka hata kunitazama.