Sifuri Ndani ya Jina

Ijumaa, baada ya swala, fundi Shee Bwanakombo
aliingia saiba na vumbi la mbao kwenye nyusi,
akaiweka simu mezani taratibu
kama mtu anayeweka yai.
"Nipigie chapa hii. Ya rangi.
Nataka nembo yao itoke vyema."

Ya rangi ni shilingi thelathini, nikamwambia.
Akacheka. "Leo usinitajie thelathini.
Leo mimi ni mtu wa laki na sabini."

Nikaifungua barua.
Nembo ya buluu, nambari ndefu ya muamala,
"Hongera, malipo yako yamepokelewa,"
na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa:
pesa zimeshikiliwa
hadi muuzaji atume elfu kumi na nane
kwa wakala wa usafirishaji.
Zote zitaachiwa, na hizo kumi na nane juu yake.
Fanya haraka.

Kitanda nakijua. Majengo nzima wanakijua.
Mvule, sita kwa sita, miezi minne ya patasi,
kichwani asumini zimechongwa moja moja
hata mkewe akauliza
bi harusi wa pili anawasili lini.
Mnunuzi ati ni nahodha, yuko melini,
hapokei simu, huko hakuna mtandao.
Lakini barua pepe zake hufika,
tena saa nane za usiku.

Nikatazama anwani ya mtumaji.
Palipotakiwa herufi o
ilikaa sifuri,
imejikunja, imetulia,
mgeni asiyealikwa, kanzu imepigwa pasi,
keshanawa mikono anangoja sinia.

Sasa, unamwambiaje mtu mzima?
Wiki iliyopita nilimwambia mama mmoja wa Bondeni,
akanipokonya simu yake: "Husuda tu, kijana."

Nikauliza, "Fundi, benki yako hukuitaje?"
"Kwa jina langu. Hata wakinidai,
hunidai kwa majina yote matatu."
"Na hawa?"
Akasoma, midomo ikichezacheza.
Mpendwa Mteja.
Akasoma tena.

"Usibonyeze kitu humo ndani.
Piga nambari iliyo nyuma ya kadi yako."
Akapiga. Akabonyeza moja, akabonyeza tatu,
kinanda kikalia, kikalia,
mtoto wa shule kwenye meza ya pili akamaliza kuchapa insha yake.
Kisha sauti ya mwanamke ikamtajia kilichomo:
elfu mbili mia sita na senti.

Hakutukana. Alitoa penseli sikioni,
akaanza kupiga hesabu nyuma ya bahasha,
mbao, msasa, vanishi,
akaacha katikati.
"Kumi na nane nishatuma," akasema. "Jana.
Za karo ya Swabra."

Tukapiga kampuni ya simu wazuie muamala.
Tukaandika saa, tarehe, nambari.
Kituoni askari akajaza daftari, akapiga miayo,
akatuonyesha ukurasa: tulikuwa wa saba wiki hiyo.
Pesa zilikuwa zishatolewa, tangu jana, dakika nne baada ya kufika.

Jumamosi lori likaja kuchukua kitanda.
Dereva, kijana wa Mikindani, kakodiwa kwa simu,
hamjui nahodha, hajalipwa hata ya mafuta.
Fundi alimtazama sana.
Kisha akamtilia chai.

Jumatatu alirudi kwangu.
"Ile karatasi. Bado naitaka. Ya rangi."
Sasa imebandikwa karakanani, juu ya benchi la randa,
sifuri imezungushiwa penseli nyekundu,
na mteja akisema malipo yako njiani
fundi haongei, huinua kidole tu kuelekea ukutani.
Kitanda bado kipo. Swabra hukilalia mchana, na vitabu vyake.

Thelathini yangu alinilipa kwa noti ya hamsini,
akanyoosha mkono kungoja chenji.
Nami, Mungu anisamehe,
noti ya Shee Bwanakombo
niliiinua kwenye mwanga.
Akaniona.
"Ndiyo," akasema. "Itazame vizuri."