Mkono wa Kuazima

Sahani ni ya shangazi, Mwana Esha wa Mkomani;
mkono umetoka Mombasa, kwenye mashine iliyokufa.
Hawajuani hawa wawili.
Famau anawaozesha leo, bila kadhi, kwa bisibisi.

Pima mara tatu, toboa mara moja:
toka kitovu cha sahani hadi bega la mkono
rula yasema hivi, uzi wasema vile.
Ameuamini uzi.

Na sindano, ikanyage kwa uzito gani?
Anavuka ujia kwa Shekue sonara, kuazima mizani ya dhahabu.
"Gramu mbili na ushei. Ukiuza, nanunua."
Anarudi, anasogeza risasi ya nyuma
unywele mmoja,
kisha nusu ya unywele.

Mara ya kwanza mkono wateleza, wakimbilia katikati
kama mtoto aliyeona halua.
Punda apita nje na shehena ya mawe; rafu yatetemeka.
Famau anangoja. Anabandika senti ya zamani,
anaibandua.

Halafu sindano inashika.

Shangazi yu mlangoni, ungo wa mchele ubavuni.
Miaka yote alidhani pale pana mkwaruzo.
Kumbe ni mpiga gambusi
anavuta pumzi.