Sarafu ya Mizani

Saa tisa na robo usiku, uwanda wa Kujawy.
Malori kumi na moja yamepanga mstari hadi kwenye reli,
matumbo yamejaa bitiruti za sukari na udongo ulioganda,
na kompyuta ya mizani haitaki kuamka.

Kiwambo cheusi. Kistari cheupe pembeni
kinapepesa, kinapepesa,
kama mtu aliyeulizwa jina lake akasahau.

Nikampigia Bogna. Alikuja na koti juu ya nguo za kulalia,
bisibisi mdomoni, taa kichwani.
Mimi hakunisalimu. Aliisalimu mashine:
"Haya bibi, tuambie panapouma."

Akachomoa vipande vya kumbukumbu,
akavisugua meno kwa kifutio cha mwanawe,
akavirudisha. Kistari.
Akatega sikio kwenye diski kuu: inazunguka, inanguruma,
paka mzee juu ya jiko. "Huyu mzima."
Akabadili waya. Kistari.
Nje Ziemowit akapiga honi, wa pili akaitikia,
nikatoka kuwaomba subira, na subira
katika baridi ya nyuzi sita chini ya sifuri
haivuti heri, inavuta sigara.

Niliporudi alikuwa ameinamia ukurasa wa bluu,
ule wa chini kabisa, kabla mfumo haujazaliwa.
"Soma tarehe," akaniambia.
Mosi Januari, elfu mbili na mbili.

Kumbe! Betri ya ubaoni, ile duara kama sarafu,
ilikata roho kimyakimya,
na umeme ulipopotea jioni, dakika tatu tu,
mashine ikasahau kila ilichofundishwa:
mwaka, saa, na mlango wa kuingilia kazini.
Usiku kucha imesimama ikibisha hodi kwenye tundu la disketi
tulilolitoa miaka tisa iliyopita.

Mosi Januari, elfu mbili na mbili.
Niliitazama kupita ilivyohitajika.
Mwaka ule kiwanda kilikuwa chetu bado,
goti langu lilikuwa goti,
na Halszka alikuwa hajapanda basi la Rotterdam.
"Tuiache hivyohivyo," nikasema.
Bogna hakucheka.
"Ludomir, duka gani liko wazi saa hizi?"

Akaenda garini. Akarudi na mizani ya jikoni,
ya waridi, unga umeganda kwenye mianya,
akabandua kifuniko kwa ukucha.
Sarafu ileile.

Akaipachika. Akaandika mwaka kwa vidole vilivyokufa ganzi,
akaiweka diski kuu iwe ya kwanza kuulizwa,
akahifadhi.

Mlio mmoja, mfupi.
Kistari kikatimua mbio, maneno yakamiminika,
kisha kile kilima, kijani kupita kilima chochote cha huku.

Lori la kwanza likapanda, chuma kikalia.
Tani ishirini na sita, kilo mia nne na arobaini.
Na jikoni kwa Bogna, Jumapili hii,
unga utapimwa kwa kikombe
na kwa kukisia.