Mulkia

Kishindo chenyewe kilikuwa kidogo,
kama mtu kafunga kabati kwa kisigino.
Mzunguko wa Maabila, saa moja kasorobo asubuhi,
joto limeshaamka kabla ya watu,
mimi nimesimama kungoja lori la maji lipite.
Aliye nyuma yangu hakungoja.

Nikashuka na Kiarabu changu cha ugomvi,
kile nilichowawekea mafundi na madalali.
Akashuka mzee, kofia upande, kanzu imekunjwa mikono,
akaitazama taa yangu ya nyuma
iliyotapakaa kwenye lami kama punje za komamanga,
akasema peke yake, chini kwa chini:
"Masikini, nimemgonga mtoto wa watu."

Kiswahili.
Ugomvi wangu ukakosa lugha.

"Mzee, wa wapi wewe?"
"Tanga, barabara ya kumi na mbili. Nawe?"
"Wete."
Basi tukaanza salamu upya, za kikwetu, zisizo na haraka,
za kwa nani na mjukuu wa nani,
na honi zinatulia kila upande.

"Haya," akasema, "kosa langu, silikatai.
Lete mulkia, tuandikishane, bima yangu ikulipe. Haki yako."

Nikafungua dashibodi.
Miwani ya mkono mmoja. Risiti za mikate.
Tende zilizoyeyuka zikawa kitu kingine.
Chini kabisa, kadi.
Nikaisoma tarehe. Nikaisoma tena polepole,
huenda tarehe hujirekebisha ukiziangalia kwa adabu.

Mwezi wa pili.
Na leo tumo mwezi wa sita.
Na bima ilikufa nayo siku ile ile.

Miezi minne!
Nimekwenda harusini Barka na kurudi usiku,
nimempokea shangazi uwanja wa ndege,
nimewapungia mkono askari wa barabarani
kwa bashasha ya mtu asiyedaiwa kitu.

Na mimi kazi yangu ni tarehe.
Kituo cha afya, dirisha la chanjo,
ndimi ninayepokea kadi za watoto
na kuwatazama mama zao juu ya miwani:
"Wiki tatu zimepita. Ulikuwa wapi?"
Pasi ya mwanangu, dawa za mama, ukaazi wa msichana wa kazi,
vyote ninavyo kichwani kama Alhamdu.
Hii ilikuwa ya Masoud. Masoud yuko Dukumu,
na kila mmoja wetu alidhani mwenziwe.

"Mzee, tusameheane tu," nikasema. "Taa ni kitu gani?"
"Hapana. Haki ni haki."
"Nimekusamehe, wallahi."
"Usiape kwa ajili ya taa, mwanangu. Lete kadi."

Nikampa.
Akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu,
akapiga mluzi mwembamba.
"Ajabu ya leo," akasema. "Nimegonga mimi,
mkosaji wewe."
Akacheka mpaka akashika boneti, akaiachia upesi: ya moto.

Aliniachia rial kumi chini ya waipa
nilizomkatalia mara tatu.
Sikumuuliza yeye yake inakwisha lini.
Najuta kidogo.

Ukaguzi, bima, faini; nusu siku ya ruhusa.
Kijana wa dirishani Sibu hakuniuliza nilikuwa wapi.
Aligonga vidole kwenye mashine, akataja kiasi,
akanisukumia kadi mpya, bado ina uvuguvugu.
Ningependa angeuliza. Jibu nilikuwa nalo,
refu, lenye Masoud ndani.

Jumapili akaja mama na pacha, kadi mbili,
wiki sita zote mbili.
Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, kwa mazoea:
"Uli..."
Akanitazama, shingo tayari.

"...waleta wote wawili," nikasema. "Vizuri. Nani aanze?"