Jina la Utotoni

Bwana Nandonde ameniletea karatasi saba
na soda ya tangawizi iliyokwisha poa baridi lake.
Kontena limeshushwa Jumanne, bandari ya Mtwara.
"Ni vyuma tu, Somoe.
Andika vyuma, tumalize."

Vyuma.
Kama mtu aulizwe ana watoto gani,
ajibu: watu.

Nafungua ankara. Maandishi ya huko ulikotoka mzigo
yamesimama kama njiti za kiberiti zilizomwagika,
na chini yake mtu mwenye haraka ametafsiri:
kisu, vipande mia sita.

Kisu gani, Bwana Nandonde?
Cha kukatia mkate wa kumimina?
Cha kumpasua pweza pale soko la Feri?
Kitabu cha ushuru hakijui kisu kitupu.
Visu vya mezani vina mlango wao,
visu vya mashine vina mlango wao,
na baina ya milango hiyo
kuna ushuru, kuna faini, na kuna siku.

Siku ndizo zinazokula.
Zile za bure zikiisha
kontena linalala kwa kodi kama mgeni wa gesti,
na Newala korosho zimeshaanikwa,
wanawake arobaini wamesajiliwa kubangua,
wanakaa juu ya magunia wakisukana nywele.

Anapiga simu kwa fundi. Picha inaingia:
chuma kimepinda kama ukucha,
kina mfereji wa ukubwa wa korosho moja
na matundu mawili ya bolti.
Hiki hakijawahi kuona mkate.

Kwetu mtoto akitoka jandoni
jina la utotoni hubaki porini.
Ukimwita kwalo mbele za watu, utalipa kuku.
Basi forodha nayo ni jando lake:
hapa kitu hutoka na jina jipya, la tarakimu nane,
na anayekiita vile vya zamani
hulipa zaidi ya kuku.

Ndipo anatoa ile ya nane.
Imekunjwa mara nne, imekaa mfuko wa shati,
ina jasho. Mzigo uleule, bei nusu.
"Na hii je?"
Nairudisha kwa ncha ya kalamu.
"Hiyo sijaiona.
Wakaguzi huja hata baada ya miaka mitatu,
mzigo umeshachakaa, umeshausahau,
wanakaa kwenye kiti hichohicho ulichokalia,
wanaomba benki ilituma shilingi ngapi."
Ananyamaza. Feni inageuka, karatasi zinapepea,
nazikandamiza kwa chupa ya soda.

Alhamisi wamekata lakiri.
Afisa Chitanda, mwenye miwani ya kamba,
ametia mkono ndani ya sanduku,
akatoa kipande kimoja, kinang'aa grisi,
akakigeuza, akakigeuza tena.
"Hiki nini?"

Nilikuwa nafungua mdomo.
Nandonde akanitangulia, kifua mbele,
kama mzazi anayemtaja mwanawe shuleni:
"Kisu cha mashine ya kubangulia korosho, bosi.
Vipande mia sita. Bei iliyoandikwa ndiyo niliyolipa."

Kisha mtandao ukakatika.
Tumekaa tangu saa nne, tunangoja mfumo urudi,
sote watatu, kwenye kivuli cha kontena,
na Nandonde anafuta grisi vidoleni
kwa ile ankara ya nane,
taratibu, kidole kwa kidole,
mpaka tarakimu zimekuwa nyeusi.