Mwalimu wa Uyoga

Sokoni Isongole wananiita mwalimu wa uyoga.
Nimechoka kuwasahihisha. Mvua za Machi zikikolea
kuna mama huniuliza, uso mkavu kabisa,
kama mwaka huu umeota mwingi.

Miaka kumi na tisa nilibeba lumbesa,
gunia la viazi lililovimba hadi kuvishwa kilemba cha nyavu,
kutoka shambani mpaka ndani ya fuso.
Siku ubao ulipoteleza kwa umande
sikuanguka. Hilo ndilo lililoniponza:
nilishikilia. Kitu kikakatika kiunoni
kwa sauti ndogo, kama ganda la maharage.

Tupokigwe, muuguzi wa zahanati,
alinipa vidonge vya siku tano, kisha akaniambia: simama.
Nimesimama, nikasema.
Hujasimama, wewe umejizuia kuanguka.
Wiki mbili, ndani ya ghala la mbolea,
juu ya mkeka wa Kyela, nikajifunza kusimama tu:
kidole gumba, kisigino, ukingo wa unyayo,
goti lisikazwe kama nati ya gurudumu.
Dirishani Mlima Rungwe ulikuwa ndani ya ukungu.
“Umeuona ukihangaika?” aliniuliza.
Nikamjibu, mimi hata mlima wenyewe siuoni.
Alicheka mpaka akakaa chini.

Halafu pumzi. Nani asiyejua kupumua?
Mimi. Mbebaji huibana pumzi mlangoni mwa koo
na kuiachia akishatua, kama deni.
Vuta kwa pua, hesabu nne. Toa, hesabu sita.
“Kutoa kuzidi kupokea,” alisema,
nikadhani amegeukia mambo ya sadaka.

Mzee wa kanisa Mwakalukwa alinifuma
nimelala kifudifudi, kifua juu, mkao wa nyoka.
“Ambakisye! Unaabudu nini?”
Natafuta kiuno changu, mzee.
Alisimama mlangoni, mwavuli ukichuruzika.
Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza
kama na goti lina mkao wake.

Tupokigwe alihamishiwa Chunya, akaniachia mkeka
na neno moja: kwamba yoga, kwa wenye lugha yao, ni nira.
Nira naijua. Baba alilima Usangu na maksai wawili,
na aliyekuwa akipindisha mstari
hakuwa yule dhaifu.
Nimeishi na yule mwenye nguvu maisha yangu yote.
Nilimwita mimi.

Sasa nafundisha Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri,
kabla magari hayajaja. Wabebaji tisa, taa moja,
mvuke ukiwatoka mdomoni.
Gwamaka alitaka kusimama kwa kichwa siku ya kwanza.
Miguu kwanza, nikamwambia,
bado hamjafahamiana.
Mkao wa mwisho, ule wa kulala kama maiti,
waliukataa jina: hapa hatujilazi hivyo tukiwa hai.
Kwa hiyo tunauita gunia tupu.
Nikisema “gunia tupu” wanalegea wote,
na kuna anayekoroma, na simwamshi.

Mimi mwenyewe vidole vya miguu sijavigusa bado.
Viko palepale, tunaangaliana.

Wiki iliyopita dalali alileta gunia lenye vilemba viwili.
Gwamaka aliliangalia. Akasema: punguza.
Dalali akacheka, akawageukia wengine.
Wengine wakawa wanatazama viatu vyao.
Nilikuwa upande wa pili wa barabara, na chai yangu,
nikangoja matusi, nikangoja ngumi.
Kijana hakuinua hata mkono.
Alishusha mabega. Nikaona
kidole gumba, kisigino, ukingo wa unyayo,
goti halijakazwa.
Akatoa pumzi ndefu, nyeupe, katika baridi ile,
nami huku ng'ambo, kikombe kikipoa,
nikajikuta nahesabu:
nne,
tano,
sita.